Mgagani wa Mahameni

Juzi pale sokoni Korogwe kijana mmoja muuza mboga aliniita kwa mbwembwe zote: "Mama, njoo uone mgagani wa kisasa, hauna uchungu hata kidogo!" Nikasimama. Nikamtazama yeye, nikautazama na mgagani wenyewe, mafungu yamefungwa kwa kamba za mgomba, majani mapana, laini, yamenyunyiziwa maji yanang'aa. Nikamuuliza, "Kama hauna uchungu, ni mgagani wa nini?" Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa na utani. Hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua, na asubuhi ile zilinipanda kwa ajili ya fungu la mboga. Nikachukua jani moja, nikalifikicha kiganjani, nikanusa. Harufu ilikuwapo. Uchungu wameuondoa lakini harufu imewashinda, ile ile ya zizi lililonyeshewa, yenye ukali wa kuchoma pua. Nikanunua, nikatia kapuni, na kabla sijafika barabarani nikajikuta nalia kama mjinga, watu wananipisha njia.

Nyinyi wa rika langu hamna haja ya kuelezwa mgagani, ila wapo watoto wenu wasioujua ukiwa shambani. Hakuna anayeupanda. Mvua za kwanza zikishagusa ardhi unachomoza wenyewe, jani limegawanyika mithili ya vidole vya mtoto, maua meupe yenye masharubu marefu, kisha vijiganda vyembamba vinavyokauka na kupasuka, vinamwaga mbegu nyeusi ndogo kama baruti. Msimu ukiisha nao umekwisha. Ukiuchuma unakuganda mikononi, na harufu hiyo unalala nayo, unaamka nayo. Bwana shamba mmoja aliwahi kuniambia kwamba mgagani una udugu na haradali, nami sikumbishia, maana ukiutafuna mbichi kuna ukali unaopanda puani mpaka machozi yanakutoka. Tena hauoti popote tu. Unapenda palipowahi kulala ng'ombe, au palipowahi kukaa watu wakaondoka, pale tunapopaita mahame. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akisema, "Ukiuona mgagani umestawi porini, ujue hapo pana watu." Sasa wewe mtoto unatazama huku na huku, huoni mtu. Unamwona bibi amechanganyikiwa kidogo.

Kwa bibi tulifika mimi na mama tukitokea Hale. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya yalikuwa bado. Kabla ya hapo tulikuwa tukikaa kambi ya mkonge, kwenye zile nyumba za mstari, chumba kimoja kwa familia moja, na baba alikuwa mkata mkonge. Viganja vyake vilikuwa na makovu ya miiba hata akikushika shavu unahisi kama msasa. Umeme unazalishwa pale pale Hale, nyaya nene zinapita juu ya vichwa vyetu zikivuma, zinakwenda kuwawakia wengine huko mbali, sisi tunawasha koroboi. Baba aliugua. Alikonda mpaka akawa hawezi kunibeba. Siku moja rafiki yake mama akanichukua kwenda kulala kwake, ng'ambo ya pili ya kambi, akanikalisha huko siku kadhaa kwa vitumbua na maneno mazuri. Niliporudishwa nilikuta kitanda kimegeuzwa upande, nguo za baba hazipo msumarini, na chumba kimejaa wanawake waliokaa chini. Nikauliza baba yuko wapi. Wakatazamana. Mmoja wao, mama mnene aliyekuwa akiuza uji, akanivuta mapajani akasema, "Baba yako amehama, mwanangu."

Mimi nikaamini, na kwa nini nisiamini? Kambini watu walikuwa wakihama kila mara. Leo jirani yupo, kesho amefunga godoro amekwenda shamba jingine la mkonge, chumba chake kinaingia mtu mwingine. Nikajua baba ametangulia kutafuta chumba, atatuita. Mama hakuwa na nguvu za kumsahihisha mtu siku zile. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, kanga mpaka puani, na sidhani hata alisikia nilichoambiwa.

Na bombani nikasikia jambo jingine. Wanawake wanateka maji, mmoja akasema, "Mume wa yule alikanyaga waya." Mwenzake akaguna, "Na mke je? Si naye atakuwa amekanyaga tu." Nyinyi mnajua maana yake. Enzi zile hatukuutaja ugonjwa ule kwa jina, tulisema mtu kakanyaga waya, tukamaliza. Lakini mimi mtoto wa Hale, niliyezaliwa chini ya nyaya, ningeelewa nini? Nilielewa kwamba baba alikanyaga waya wa umeme ulioanguka, ukamuunguza, na kazi ya mkonge ikamshinda kwa sababu ya mguu. Tangu siku hiyo nikawa natembea natazama chini. Hata mkia wa panya ulinirusha roho.

Bibi alikuwa akiishi upande wa Handeni, ukiiacha barabara kubwa unaingia ndani, kijumba cha udongo karibu na njia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye utani wa kuchoma. Mimi aliniita mke mwenzangu, kwa ajili ya babu niliyekuwa sijawahi kumwona. "Mke mwenzangu, amka, mume hapendi wavivu," ndivyo alivyoniamsha kila asubuhi. Mvua ilikuwa imechelewa mwaka ule na ghala lilikuwa na vumbi. Iliponyesha hatimaye, kitu cha kwanza kuliwa hakikuwa mahindi, kilikuwa mgagani. Tukawa tunatoka asubuhi mimi na bibi na kapu, tunapita vichaka, tunapanda kijilima kidogo mpaka kwenye mahame moja ambako mgagani ulikuwa umesimama kiunoni kwangu, mwingi, wa kijani kilichoiva.

Ukifika pale ukingoni, kabla hujachuma hata jani, ilikuwa lazima upige hodi. Bibi alinifundisha siku ya kwanza, na kwa kofi dogo la kisogoni. "Unaingiaje kwa watu kama mbuzi? Piga hodi!" Nikauliza, "Kwa nani bibi, hakuna mtu." Akasema, "Piga." Nikapiga: "Hodi!" Upepo ukapita, ndege wakaruka. Bibi akaitikia kwa sauti yake mwenyewe, "Karibu, chuma." Ndipo nikaingia. Wanawake wengine wa pale kijijini nao walipofika walifanya hivyo hivyo, wanasimama, wanasema hodi, wananyamaza kidogo, wanaingia. Nikaona ni adabu za huku Handeni. Nikajiambia wenyewe wa mji ule walikuwa wamehama kama baba alivyohama, huenda wamekwenda Hale, sisi tumekuja huku wao wamekwenda kule, na mboga yao wametuachia.

Lakini bibi mwenyewe hakupiga hodi. Alikuwa anapita moja kwa moja, anakwenda mpaka katikati, anakaa juu ya jiwe moja miongoni mwa mawe matatu yaliyomezwa na mgagani, anapumzika. Hilo liliniudhi. Kunipiga mimi kofi halafu yeye mwenyewe asipige hodi! Siku moja nikamwambia, "Bibi, wewe mbona hupigi hodi?" Akanitazama muda, akasema, "Mtu hapigi hodi kwake." Nikadhani ana maana kwamba shamba ni lake. Na upande mmoja, nyuma ya mti wa mkwaju, palikuwa na mstari wa mawe ambao hakuniruhusu kuuvuka hata mgagani wa upande ule ulipokuwa mzuri zaidi. "Pale waachie wenyewe," alisema. Nikawaachia wenyewe.

Nyumbani aliuchemsha ule mgagani, akamwaga maji, akachemsha tena, akamwaga, mpaka uchungu ukapungua, ndipo akaunga kwa karanga zikiwapo, na zisipokuwapo kwa chumvi tu. Mama alikuwa ndani. Safari ya kutoka Hale ilimchukua kama mtu aliyebebwa na maji, na tangu tulipofika alitoka nje kwa kushika ukuta, kisha kwa kushika bega langu, kisha hakutoka. Siku moja bibi alimpelekea bakuli, mama akaonja, akalisukuma. "Mama, umemwaga maji tena." Bibi akasema, "Nimeyamwaga, ni machungu, tumbo lako haliwezi." Mama akasema, "Usiyamwage. Niachie uchungu wake niusikie, nijue bado nina ulimi." Kuanzia hapo bibi akawa anachemsha vyungu viwili, cha mama na chetu. Mimi nilikuwa najilambisha cha mama kwa siri, uso unajikunja, kwa kutaka tu kula anachokula yeye.

Jirani yetu alikuwa Mama Shabani, mwanamke mwema mwenye mdomo usiofungwa. Alikuja kumtazama mama, akatoka, wakasimama na bibi kando ya jiko la nje. Mimi nilikuwa napepeta, na mtoto anayepepeta hana masikio, ndivyo wakubwa wanavyofikiri. Mama Shabani akanong'ona, "Ndiyo ule ule. Kakanyaga waya yule." Mimi nikaacha ungo. Nikaingia ndani, mama amelala, nikafunua shuka miguuni nikazikagua nyayo zake moja moja, nikizigeuza kwenye mwanga wa mlango. Hazikuwa na kidonda. Zilikuwa kavu, nyepesi, zimepauka, visigino vimepasuka kama siku zote. Akaamka akauliza natafuta nini. Nikasema, "Pale ulipounguzwa." Akadhani naota, akanipapasa kichwa, akasinzia tena.

Siku chache baadaye nikamsikia bibi akimwambia Mama Shabani, kwa sauti ya chini iliyochoka, "Sasa ni kungoja tu. Mwanangu anahama."

Sikilizeni nilivyofurahi. Niliruka! Baba ametuita! Amepata chumba, amepona mguu, na mama anahama kwenda kwake, na mama akihama na mimi nahama, maana lini mtoto aliachwa nyuma na mama yake? Kilichonitia wasiwasi ni kimoja tu, kwamba hakuna aliyeniambia nijiandae. Huenda wanataka kuondoka nimelala, kama walivyofanya wakati baba anahama. Nikaamua hawatanipata. Nikachukua kanga moja ya mama, nikatia gauni langu, sahani yangu ya bati, na kipande cha sabuni. Nikaenda mahameni peke yangu, nikapiga hodi, nikajiitikia karibu, nikapukuchua viganda vilivyokauka mpaka nikapata mbegu za kujaa kiganja, nikazifunga kwenye pindo la kanga. Baba alipenda mgagani, na kule kambini hapakuwa na mgagani mzuri. Nilitaka nikifika tu nipande. Halafu nikaja nikakaa kizingitini mwa chumba cha mama, kifurushi mapajani, nikagoma kula, nikagoma kwenda kuoga, nikagoma kulala mkekani. Bibi alinisema, akanitania, akanitisha na bakora, nikakaa pale pale.

Asubuhi mama akaniona. Akainua kichwa. "Mwaju, unakwenda wapi na furushi?"

Nikasema, "Tunahama."

"Nani amekwambia tunahama?"

"Bibi. Unahama kwenda kwa baba. Na mimi naenda. Usiniache mama, mimi siwezi kuwaza utakuwa wapi, nimeshafunga kila kitu."

Niliona kifua chake kinapanda na kushuka chini ya shuka. Kisha akaita, na sikujua kwamba bado ana sauti kubwa kiasi kile: "Mama! Mama, njoo hapa!" Bibi akaingia mbio, unga mikononi. Mama akamuuliza, "Mtoto huyu mmemlisha maneno gani?"

Bibi akaliona furushi. Akakaa chini. "Ningemwambia nini mie?" akasema. "Mtoto mdogo huyu. Ana umri gani wa kuambiwa?"

"Ana umri wa kufiwa," mama akasema. "Umri huo unatosha."

Bibi akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi analia na iliniogopesha kuliko neno lolote. Mama akasema apewe mkongojo. Bibi akamwambia huwezi, utaanguka njiani, watu watasema nini. Mama akasema, "Watu wameshasema. Nipe mkongojo, na wewe beba mkeka. Mwaju, chukua furushi lako."

Kile kijilima kidogo tulichokuwa tukikipanda kwa kupiga soga, siku ile kilikuwa mlima. Mama alikwenda kidogo, akakaa. Akaenda kidogo, akakaa. Nilitangulia, nikarudi, nikatangulia, nimechangamka kweli, nikiamini tunapita njia ya mkato kwenda kupanda gari. Nilipofika ukingoni pa mahame nikasimama kwa adabu zangu zote nikapiga hodi. Mama akanipita, anahema, akaingia moja kwa moja. "Mama," nikasema, "hujapiga hodi."

"Hapa kwetu, Mwaju. Hapa ndipo nilipozaliwa. Mtu hapigi hodi kwao."

Bibi akatandika mkeka, mama akakaa katikati ya mgagani uliokuwa unampita kichwa. Akaniita nikae mbele yake. Akanionyesha yale mawe matatu, akasema hayo ni mafiga ya bibi yako, hapo ndipo alipotupikia. Kisha akaniambia nitazame kule nyuma ya mkwaju, kwenye mstari wa mawe. "Vuka leo," akasema, "mimi nakuruhusu." Nikavuka. Chini ya mgagani ardhi ilikuwa imeinuka kidogo, sehemu moja, nyingine, na nyingine fupi, kila moja ina jiwe kichwani na jiwe miguuni. Mama akanielekeza kutoka pale alipokaa. Lile ni la babu yako. Lile la mjomba wako. Lile dogo la mdogo wangu wa kike, alikuwa hajafika kimo chako.

Nikauliza, "Wamehamia humo?"

"Hawakuhama," mama akasema. "Tuliohama ni sisi. Mimi nilikwenda Hale kuolewa, bibi yako akashuka kukaa njiani kwa sababu hakuweza kulala hapa peke yake. Hawa wamebaki hapa hapa. Wamekufa, Mwaju. Mtu akifa hahami, ni sisi tunaomhama."

"Na baba?"

"Baba yako yuko Hale, kwenye makaburi ya kambi. Hakukanyaga waya wowote. Aliumwa, akafa. Na ugonjwa uliomuua ninao mimi."

Bibi akasema kwa nguvu, "Basi mwanangu, basi, inatosha." Mama hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi tu. Nikamuuliza kama na yeye atakufa. Akasema ndiyo. Nikamuuliza lini, akasema hajui, pengine mvua zikikatika, pengine kabla. Nikamuuliza atakaa wapi, akapiga mkeka kwa kiganja. "Hapa. Karibu na mdogo wangu."

"Na mimi?"

Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. Alimeza mate, akajaribu tena. "Wewe ndiye utakayehama," akasema. "Utakua, utahama, na ni lazima uhame."

Nililia, tena si kilio cha adabu. Nilimpiga mama mapajani kwa ngumi, mama huyo asiye na nyama, na yeye akaniacha nimpige. Nilipochoka akalifungua furushi langu. Akatoa gauni, akatoa sahani, akainusa ile sabuni. Akaona fundo pindoni. "Hizi za nini?" Nikamwambia za kupanda tukifika kwa baba. Akalifungua kwa meno, maana vidole vilikuwa havina nguvu, akanimiminia zile mbegu kiganjani. "Panda hapa basi," akasema, "hapa nilipokaa." Nikaanza kuchimba vishimo kwa kidole, nafuata mstari, nikafukia moja moja huku nafuta kamasi. Mama akaangua kicheko, kile cha zamani cha Hale, akashika mbavu. "Mgagani haupandwi kwa mstari, mjinga wewe, siyo mahindi! Mwaga tu." Nikamwaga. Bibi naye akacheka ndani ya machozi yake, tukawa watatu tunacheka mahameni kama wehu, mpaka mama akaanza kukohoa tukanyamaza.

Alikufa mchana, mvua zikiwa hazijakatika. Nilikuwa nje nachambua mgagani wake. Nilisikia mlio mmoja wa bibi, na nikajua, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa. Ua likajaa wanawake. Mama Shabani akaja, akanikumbatia kwa huruma yake yote, akaanza, "Mwanangu Mwaju, mama yako ameha..." na bibi, aliyekuwa ameshikwa huku na huku, akainua kichwa akamkatisha. "Amekufa. Mwambie amekufa. Mwenyewe kaagiza." Mama Shabani akasema, "Amekufa, mwanangu." Nikalia na neno lake. Wanaume wakambeba kwenda kijilimani, mimi nikabaki na wanawake, na chungu cha mgagani nilichokuwa nimekibandika kikachemka mpaka kikaungua.

Mvua zilizofuata mgagani ulitoka pale kwa fujo. Bibi alinipeleka. Nilisimama ukingoni, mdomo umeshafunguka kupiga hodi, bibi akanisukuma kidogo mgongoni. "Pita," akasema. Nikapita. Tulichuma, tukapika, sikumwaga maji, tukala wawili. Ulikuwa mchungu mpaka masikioni.

Nilihama kweli. Shangazi, dada yake baba, alinichukua Korogwe nikasome, nikasoma kidogo, nikajifunza cherehani, nikaolewa, nikazaa. Bibi akafa nikiwa na mimba kubwa, nikafika baada ya mazishi, nikakuta amelazwa kwenye makaburi mapya ya kijiji huku chini. Kule kijilimani sikupanda siku hiyo, tumbo lilinizuia, na baadaye likanizuia jambo hili na lile, mnajua maisha. Ukoo uliuza lile eneo. Nilipigiwa simu wakati limeshauzwa, nikagomba kwenye simu mpaka salio likaisha, na ikawa ndiyo basi.

Ndiyo maana mgagani wa yule kijana ulinitoa machozi. Kesho yake nikafunga cherehani, nikaenda Handeni, nikashuka barabara kubwa nikachukua bodaboda kuingia ndani. Kijilima kilikuwa kimekuwa kifupi. Juu yake pamejengwa nyumba ya matofali, bati jipya, mahindi yamefika magotini, mkwaju umekatwa, na pembeni kuna rundo la mawe yaliyookotwa shambani ili yasivunje majembe. Nikayatazama yale mawe. Hakuna mtu angeweza kuniambia lipi lilikuwa la kichwani kwa nani.

Na katikati ya mahindi, mgagani. Umejipenyeza kila mahali, maua meupe yamesimama.

Nilikaa pale ukingoni muda mrefu. Miguu ilikataa kupita. Mwishoni nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Hodi!" Nikanyamaza kidogo, kama tulivyozoea. Na nikajibiwa. "Karibuu!" Akatokea mwanamke kijana katikati ya mahindi, mtoto mgongoni, jembe mkononi. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Akaniuliza natafuta nani. Nikasema natafuta mboga, mgagani, kama ataniruhusu.

"Huo?" Akacheka. "Chuma mama, chuma mpaka uchoke, utakuwa umenisaidia. Tunaung'oa kila mvua, unarudi. Mume wangu anasema labda hapa zamani walikaa watu."

"Walikaa," nikasema.

"Ee! Unawajua? Walihamia wapi?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, la wema, lingemwacha alime kwa amani. Nilimwona mtoto mgongoni kwake amelala, mdomo wazi. Nikameza mate mara moja kama mama.

"Hawakuhama," nikamwambia. "Wako hapo unapolima, mama yangu yuko hapo. Niliyehama ni mimi."

Akatazama miguu yake. Akarudi nyuma, akatafuta pa kukanyaga, akalilaza jembe chini polepole kama kitu kinachoweza kuamka. Kisha akaniuliza, si kwa ubaya, kwa kushangaa tu:

"Sasa mama, kama hapa ni kwenu, mbona umepiga hodi?"

Nikainama, nikaanza kuchuma.